Nywele za Siku Saba

TANGAZO: KLINIKI YA HOMONI
Mgonjwa anayenyonyoka nywele aje na zote zilizodondoka kwa siku saba mfululizo. Kila siku na bahasha yake. Asiyetimiza atapangiwa miadi upya, baada ya miezi mitano.

1
188. Mwajabu huzihesabu kumi kumi juu ya kitambaa cheupe, kama anavyohesabu mbegu za mahindi kazini, kwenye maabara ya mbegu. Hadi mia kwa siku ni kawaida.

2
201.
Hedhi mwaka huu: nne.
Ndevu kidevuni: kumi na moja.
Daktari wa kwanza hakuandika kitu. Alisema: "Mawazo tu hayo, dada. Olewa, zitaota."

3
Saluni, nyuma ya pazia, wasusi wawili:
— Umemwona utosini? Uwanja wa ndege.
— Bado taa tu!
194.

4
Wewe unayesoma, pitisha chanuo mara moja. Hesabu. Kisha mweleze mtu kwamba leo zimefika 230, na kwamba hukuwaza lolote ila…

5
207.

6
219 asubuhi. Jioni anarudi nyumbani kutoka kazini: kabatini hamna bahasha hata moja.
Uani, shangazi Sikudhani, aliyemlea, anakoroga majivu kwa kijiti. Kilemba chake hakivuliwi hata kitandani.
"Nimezichoma. Nywele haziachwi ovyo, mwanangu. Ndege akizijengea kiota, utashikwa wazimu, uokote makopo."
"Ule ulikuwa ushahidi, shangazi."
"Wa nini?"
"Kwamba siyo mawazo."

Kijiti kinasimama.

7
176. Bahasha moja. Anakwenda nayo hivyo hivyo. Shangazi anamfuata, hakuitwa.

MAPOKEZI
"Sita ziko wapi?" nesi anauliza.
"Zimeungua. Hesabu ninayo: 188, 201, 194, 230, 207, 219."
"Namba si nywele, dada. Utaratibu ni utaratibu."
"Basi andika kwamba nimekataa kuondoka."
Nesi anamtazama. Anamsogezea fomu.

Ndugu wa damu mwenye dalili kama hizi: ____________

Mwajabu anaandika: Hakuna.

"Futa."

Ni shangazi. Mkono uko kwenye fundo la kilemba.
"Tangu nina miaka ishirini na sita. Kila asubuhi nachoma zangu."

Fundo linalegea.

Mwajabu anafuta.

Nesi anavuta fomu ya pili.
"Jina lako, mama?"