Dakika Tano za Kimya

Muunganisho ulikatika tena, mara ya saba tangu asubuhi, na Babu hakuwa na nguvu hata ya kulaani. Dirisha jeusi liliganda kwenye skrini. Akabonyeza, hola. Akabonyeza tena, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa.

"Limekutupa nje tena?" akauliza binti wa meza ya jirani, vidole vyake vikiendelea kuchapa.

"Limenitupa."

"Pole, Babu."

Pole zenyewe alikuwa amezichoka. Hapo idara ya maji, mafundi sita waliingia kwenye seva ya pampu, iliyokuwa ng'ambo ya mji, kwa njia hiyohiyo, na watano hawakujua kukatwa ni mdudu gani. Wiki hiyo alikuwa amebadilisha waya, akabadilisha kompyuta, akaazima hadi kiti. Jana binti alikaa kwenye meza ya Babu, akachapa saa nzima bila kukatwa. Babu akakaa kwenye ya binti, akatupwa nje kabla chai haijapoa. Bosi, mwanamke wa umri wa mtoto wake wa kwanza, aliyaona yote mawili. Hakumkaripia, na hilo ndilo lililomuuma.

"Mzee wangu, umri nao umeenda," alimwambia kwa upole. "Jumatatu nitakuhamishia stoo ya mita. Kule hakuna presha."

Stoo ya mita! Miaka ishirini na mitano ya kazi, halafu ukapange maboksi! Usiku ule mkewe alimuuliza mbona hali, akasingizia tumbo.

Leo mchana wenzake walipotoka kula, aliingia tena kwenye seva na kukaa tu, mikono mapajani, macho kwenye saa ya ukutani. Ilipotimia dakika ya tano, dirisha likaganda. Akarudia: tano. Akarudia mara ya tatu, tano kamili. Waya mbovu hausomi saa. Kulikuwa na kitu kinachomkata kwa makusudi, na kilimkata akiwa kimya.

Kimya chake alikijua kilikotoka. Mwaka jana aliharakisha amri moja, akafunga pampu isiyohusika, mtaa mzima ukakosa maji siku mbili. Tangu hapo kila mstari aliusoma mara tatu kabla ya kugusa kitufe, na tangu hapo ndipo kukatwa kulipoanza. Vijana wao walichapa mfululizo, hawakunyamaza hata dakika mbili, ndiyo maana hawakukatwa.

Akafungua sheria za kifaa kinacholinda mtandao wa idara. Zilikuwa mamia, zilizohamishwa kutoka kifaa kikuukuu hadi kipya bila mtu kuzisoma. Yeye alizisoma, taratibu kama kawaida yake, mpaka akaikuta: anayekaa kimya dakika tano, akatwe. Chini yake aliyeiandika alikuwa ameacha maelezo: "Fundi Mkuu anasinzia na mashine wazi. Aamke. Umeme."

Babu alivua miwani. Umeme lilikuwa jina lake mwenyewe la utani, miaka kumi na tisa iliyopita, alipokuwa mwepesi wa vidole na wa mdomo. Fundi Mkuu ndiye aliyemfundisha kazi. Wala hakuwa akisinzia yule mzee, alikuwa anasoma. Umeme na vijana wenzake walimcheka kila alipotupwa nje, hadi akaandika barua ya kuacha kazi, akisema akili zimemwishia. Umeme alikula keki ya kumuaga, tena vipande viwili.

Na hapo akajiona amebanwa. Akisema ukweli, itajulikana kwamba vidole vyake havina kosa, lakini itajulikana pia kwamba aliiandika sheria hiyo akaisahau, na mtu anayesahau kazi ya mikono yake mwenyewe ndiye hasa wa kupelekwa stoo. Angeweza kuifuta kimyakimya, nani angejua? Ila alikuwa amechoka, na hila nazo zinataka nguvu.

Aliuchapisha ukurasa ule, akampelekea bosi. "Ni mimi," alisema. "Nilimwekea mtu mwingine, nikasahau."

Bosi akasoma, akamtazama. "Ulisahau kabisa?"

"Kabisa."

Mwanamke akashusha pumzi. "Iondoe. Habari ya stoo tutaizungumza Jumatatu."

Aliiondoa. Kisha akatoka koridoni, akapiga namba ambayo hakuwahi kuipiga tangu siku ya keki. Sauti nyembamba ikaitika. Babu alieleza yote bila kujitetea, mpaka kwenye jina la Umeme.

"Kwa hiyo hazikuwa akili zangu?" Fundi Mkuu aliuliza.

"Hazikuwa, mzee wangu. Nilikuwa mimi. Nisamehe."

Mzee alikohoa.

"Mke wangu hapa ananifichia funguo za nyumba miaka yote hii," alisema, "eti nikitoka peke yangu nitapotea. Ngoja nimpe simu. Mwambie mwenyewe."