Mwanga Mdogo

"Mama Justin, hivi huyo mchumba wa mwanao ana kivuli?"

Consolata aliniuliza hivyo sokoni Mlandizi, tunachagua dagaa, sauti kaishusha kama anayeulizia bei. Nikamwambia kila kiumbe cha Mungu kina kivuli. Akasema nikaiangalie kwanza picha ya jumuiya, halafu ndiyo nimjibu.

Consolata ni jirani yangu ukuta kwa ukuta, tangu marehemu mume wangu yu hai. Simdharau. Ila akiwa na jambo, jambo hilo hufika mtaa wa pili kabla yake.

Picha yenyewe ilipigwa kwangu. Jumuiya ilisali kwangu jioni ile, umeme ukakatika tukiwa katikati ya litania, tukamalizia kwa mshumaa. Yasinta, mchumba wa Justin wangu, alikuwa amekuja kutoka kwao Mzenga kunisaidia kupika. Mjukuu wa Consolata alilia sana, basi Yasinta akampokea, akawa anambembeleza nyuma kule karibu na kabati, huku na huku. Sebastian, katibu wetu, akatoa simu, akasema tupige ya kumbukumbu, na mtu asitikisike mpaka aseme yeye.

Nilipotoka sokoni nilipitia kwa Sebastian, akanionyesha. Sisi wengine tumetoka vizuri, hata ufa wa ukutani umetoka. Lakini karibu na kabati kuna gauni la bluu halina kichwa. Juu ya gauni ni moshi, na mtoto haonekani, kaishia humo humo kwenye moshi. Vitasa vya kabati unaviona kupitia mwilini mwake. Nikafanya ishara ya msalaba.

Sebastian akanicheka. Alinieleza kuwa penye giza simu haipigi mara moja tu. Inakaa macho wazi kwa muda, inakusanya nuru kidogo kidogo, kisha inaunganisha. Aliyetulia inampata. Anayetikisika haijui imweke wapi, inampaka tu kama rangi iliyomwagika. Huo ndio mwisho wa uwezo wake, akasema, ni simu, siyo jicho.

Nilielewa nusu. Ile nusu nyingine alikuja kuimaliza Consolata jioni, uani kwangu. Kumbe yeye hakuwa mstarini wakati ule. Alikuwa anatafuta ndara zake, akapita nyuma ya Sebastian, akaona maandishi kwenye kioo cha simu, juu ya kichwa cha Yasinta.

"Simu yenyewe imeandika, Mama Justin. Mwanga mdogo. Nimesoma kwa macho yangu."

Mwanga, yaani wachawi, hao wanaocheza uchi usiku kwenye viwanja vya watu. Mdogo, akanifafanulia, kwa sababu bado anajifunza, na kaanza na mjukuu wake. Ni kweli mtoto aliamka na homa kesho yake. Tangazo la ndoa lilikuwa limeshasomwa kanisani mara mbili, bado moja. Consolata akaapa kwamba padri akiuliza kama kuna anayejua kizuizi, yeye atasimama na picha mkononi.

Mimi nimeishia darasa la saba. Simu sikuiamini, Consolata sikumwamini, lakini na Yasinta nilikuwa simjui. Kwao Mzenga ni kule Kisarawe ndani, nimefika mara moja tu, siku ya kupeleka barua ya posa. Justin ni mtoto wangu wa pekee.

Basi Yasinta alipokuja tena nikawa namwangalia. Anaanika nguo juani, nami naangalia chini: kivuli kipo. Kwenye Salamu Maria nikaangalia midomo yake: inasema. Nikamtilia maji ya baraka kwenye kikombe, akanywa yote, akanishukuru kwa magoti. Moyo bado haukutulia. Nikajiambia labda kwa kuwa ni mwanga mdogo, maji hayo hayajaanza kumdhuru.

Jumamosi mchana nikawaita Sebastian na Consolata. Yasinta nilimwambia ile picha ya kwanza iliharibika, tunarudia. Nikafunga mapazia yote. Giza likazidi, picha ikatoka punje punje kama unga wa dona, Consolata hata mwenyewe hakujitambua. Nikafungua pazia kidogo, nikamwambia Sebastian aelekeze simu kwenye kabati, pasiwe na mtu mbele. Kioo kikaandika. Consolata akanifinya mkono.

"Mwanga mdogo. Tuliza simu," nikasoma yote kwa sauti. "Haya, Consolata, hapa mwanga ni nani? Kabati?"

Sebastian akafungua pazia lote, jua likaingia, maneno yakafutika. Consolata akauliza, kumbe ni mwanga wa taa? Tukarudisha pazia, tukamsimamisha kwenye giza lile, ajitikise kama anayebembeleza mtoto. Kikatoka kitenge bila kichwa, na mikono kama minne.

"Jamani, mie nimekuwa pweza," akasema, akacheka mpaka akashika mbavu. Tangazo la tatu lisomwe tu, akasema, yeye hana neno.

Yasinta tukamwambia atulie. Akatulia. Akatoka mzima, uso, vifungo vya gauni, hata rozari shingoni. Nikashusha pumzi, nikaenda kumimina chai.

Nilipomwekea kikombe mbele yake alikuwa ameishika simu ya Sebastian, anaitazama ile picha ya moshi. Wala hakuinua macho.

"Ndiyo maana maji ya juzi yalikuwa na chumvi, mama?"

Padri wetu hutia chumvi kwenye maji ya baraka. Hilo lilikuwa limenitoka kabisa. Nikamwambia nilitaka tu kuhakikisha, mwanangu, maneno ya watu ni mengi.

"Na kama leo ningetikisika, ingekuwaje?"

Sebastian akaangalia dirishani. Mimi nikamsogezea sukari.

Yasinta akamrudishia Sebastian simu yake kwa mikono miwili. Akachukua khanga yake kwenye kiti, akajitanda. Kikombe akakisogeza kwangu taratibu, kikiwa kimejaa, asimwage hata tone, akavaa ndara zake mlangoni, akatoka bila kuaga.