Kipande cha Nane cha Bi Kufuli

"Mtu akiapa kwa utani, Mungu naye hucheka?"

Jirani yangu aliniuliza hivyo zamani, tukianika nguo. Mumewe alikuwa ameapa kwamba akirudia karata atatembea kifua wazi mpaka sokoni, na alikuwa amerudia. Nikamjibu bila hata kugeuka, kwa sauti ya mtu ambaye mambo yake mbinguni yamenyooka: "Mungu hacheki, mama. Anaandika." Jirani akaenda kumvua mumewe shati. Mimi nikaendelea kuanika, sikujua kwamba na jibu langu limeandikwa.

Kazi yangu ni kushona vifungo katika karakana ya sare za shule, mwaka wa kumi na moja sasa. Tuko watano. Kitambaa huanzia kwenye mkasi wa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, kikaenda kwa Redio anayeshona kola na asiyezimika mdomo, kikaenda kwa Mama Pacha wa mikono ya shati, kikaja kwangu, kikaishia kwa Baba Pasi. Yeye naye amefiwa na mkewe, mtu wa maneno machache. Mkono wa kushoto wa shati lake huwa ameukunja, maana kifungo kilimtoka na hakikurudi. Wenzangu walikuwa wakinichokoza: "Wewe mwenye kopo zima la vifungo, mkono ule huuoni?" Nami nawajibu: "Kifungo cha shati la mwanamume hushona mwenyewe au mkewe. Mimi nashonea wanafunzi."

Sote watano tulikuwa wagonjwa wa Bi Kufuli. Ni mjane wa vitabuni, mwenye nyumba ya wageni na rundo la funguo kiunoni, anayefichua siri za wageni wake wote huku ya kwake akiifungia. Kuna fundi saa anayemposa katika kila kitabu, na kila mara yeye humjibu, "Mlango huu una ufunguo mmoja, na umezikwa." Kwa vitabu sita alimkatalia mara kumi na tisa. Redio alikuwa akihesabu.

Kitabu chenyewe huwa kimoja, wasomaji watano. Cha kwanza na cha pili tuligombania mpaka majalada yakabaki yatima. Kilipokuja cha tatu, wifi alikilaza mezani, akakipiga chaki mgongoni, akakikata vipande vinane kama anayekata suruali. Tangu hapo kitabu hupita kama sare: mkasi, kola, mikono, vifungo, pasi. Sheria ni moja tu. Kipande hakisemwi mpaka kimefika kwenye pasi. Vyote vikishapita, mimi huvishona tena kwa uzi wa vifungo, na kitabu huwa imara kuliko kilivyotoka dukani.

Mwaka jana nilimpelekea Baba Pasi mzigo wa mashati. Akasimamisha pasi wima, akaniuliza bila kuzunguka, "Mama Vifungo, unaonaje tukizeeka nyumba moja?"

Badala ya kujibu kama mtu mzima, nikaleta mzaha. "Haki ya Mungu, siku Bi Kufuli akimkubali fundi saa, nami nitakukubali wewe."

Akacheka, akarudia pasi yake. Nikajiona mjanja. Sikusema hapana, kwa sababu hapana haikuwa moyoni. Sikusema ndiyo, kwa sababu ya wifi. Tunaishi nyumba moja yeye na mimi. Ndiye aliyeleta kitabu cha kwanza matangani, akanisomea wakati sitaki kula wala kusemeshwa. Siku moja alikifunga akaniambia, "Wifi, ukikaa bila mume kama huyu Bi Kufuli, mimi naona kaka yangu bado yupo." Nikamwambia, "Nitakaa."

Kwa hiyo nilikuwa na ahadi mbili, nimezitundika zote kwenye msumari mmoja, Bi Kufuli. Mdomo huponza kichwa.

Kitabu cha saba kilifika Jumatatu. Jumatano asubuhi, wifi akiwa kwenye kipande cha nane, akavunja sheria aliyoiweka mwenyewe.

"Amekubali!"

"Nani?" akauliza Mama Pacha.

"Bi Kufuli! Kamwambia fundi saa ndiyo! Vitabu sita mlango umefungwa, cha saba anaufungua kama choo cha soko!"

Redio akasimamisha cherehani. "Wifi wa watu, umeniua! Mimi niko cha tano, fundi saa bado ana homa!"

"Bora angekufa nayo," akasema wifi.

"Mimi nasema afadhali," akasema Mama Pacha. "Baridi ilikuwa imemla yule mama."

"Baridi? Si ana blanketi?"

"Blanketi ukiliuliza umelalaje, linakujibu?"

"Na huyo atamjibu nini? Saa zake zote zimesimama!"

Tukacheka, hata wifi mwenyewe kidogo, kisha akakumbuka hasira yake. Mimi nilicheka nikiwa nimejichoma sindano, miaka kumi na moja ya subana kidoleni haikunisaidia. Sikuangalia upande wa pasi. Lakini niliisikia. Huwa inapumua *shhh*, *shhh* kutwa nzima, na sasa ilikuwa imenyamaza.

Wifi akakitupa kile kipande kwa Redio. "Chukua. Sisomi zaidi."

Alhamisi ya wiki iliyofuata kikafika kwangu. Nilikisoma wakati wa chakula, nikakisoma tena. Kurasa sita za mwisho, zile ambazo wifi aliziacha, Bi Kufuli yuko jikoni peke yake na rundo lake la funguo. Fundi saa amempa ufunguo wa duka lake. Anaufungua mkufu wa funguo, na ufunguo wa marehemu, ule aliosema umezikwa, uko palepale, umeliwa na kutu. Hautoi. Anausogeza kidogo tu, huo mpya upate nafasi, kisha anaosha vyombo. Basi. Hakuna ngoma wala vigelegele.

"Malizia, wifi," nikamwambia tukirudi nyumbani. "Umebakiza kurasa sita."

"Nimeshiba."

Ijumaa ikaletwa barua ya kumlalamikia mtunzi, wazo la wifi. Redio alikuwa ameiandika kwenye karatasi ya kukatia vielelezo vya mashati, kubwa kama shuka, akasimama juu ya stuli kuisoma.

"'Kwa Mtunzi. Salamu. Sisi ni wasomaji wako tangu cha kwanza, na tunakuarifu kwamba umetukosea. Mwanamke tuliyekupa umtunze umemwoza bila kutuuliza. Tunaomba cha nane kianze Bi Kufuli akiamka usingizini, aone ilikuwa ndoto, afunge mlango.'"

"Na kama mtunzi hataki?" akauliza Mama Pacha.

"Tutakata cha nane vipande kumi na sita," akasema wifi, akaweka sahihi ya kwanza. Redio akafuata, ingawa nilimwona juzi yake akipangusa machozi kwa kola ya mtoto wa watu. Mama Pacha akaandika jina lake na pembeni yake: *silazimiki, nimeombwa*. Kisha wifi akanipa kalamu.

"Wewe ndiye mwenyewe, wifi. Mjane wa kweli hapa ni wewe. Sahihi yako itamnyoosha."

Nikaishika. Kuweka sahihi ni uongo wa maandishi, maana zile kurasa nilikuwa nimezipenda. Kutoweka ni kumwambia wifi mbele za watu kwamba kaka yake amekufa. Na juu ya yote kuna kile kiapo, kimeandikwa, hakijafutwa.

"Nipeni mimi," ikasema sauti kutoka kwenye pasi.

Baba Pasi akaja, akachukua kalamu mkononi mwangu, akaweka sahihi yake ndefu. Redio nusura aanguke stuli. "Na wewe? Si ungefurahi, fundi saa kapata?"

"Hakupata. Kapewa na mtunzi. Mwanamke akatae mara kumi na tisa, halafu mtu mwingine ajaze ndiyo mdomoni mwake?" Akarudisha kalamu mezani. "Aliyeapa lolote kwa sababu ya kitabu hiki ahesabu hakuapa."

"Nani kaapa?" akaruka Mama Pacha.

"Watu huapa," akasema, akarudi kwenye pasi yake.

Hapo nilikuwa huru. Ningeweza kuweka sahihi nikarudi kwenye sare. Badala yake nikafungua leso yangu. Lile kopo ni la kazi, siligusi kwa mambo yangu. Ndani ya leso kulikuwa na kifungo cheupe, matundu manne, nilichokinunua mwaka jana wiki ileile aliyoniuliza, na sikuwahi kujiambia ni cha nini. Nikatunga uzi. Nikaenda kwenye meza ya pasi, nikaukunjua mkono wake wa kushoto.

"Usitikisike, nitakuchoma."

"Nimezoea moto."

"Hii ni sindano, baba."

Redio akashuka kwenye stuli. Nikapitisha uzi mara sita, nikauzungusha chini ya kifungo kukipa shina, nikaukata kwa meno. Nilipogeuka, wifi alikuwa amesimama.

"Wifi, nilikuahidi, najua," nikamwambia. "Hakuna kiapo kilichonisukuma. Nimetaka mwenyewe. Na kaka yako simtoi."

Akanitazama, akautazama mkono wa shati, kifungo kimekaa barabara. Akaweka mkasi. Akaivua futi ya kupimia shingoni, akaikunja polepole kama anavyoikunja kila jioni, ingawa ilikuwa bado mchana. Kisha akaja mpaka mezani kwangu, mahali vilipopangwa vile vipande vinane vikingoja uzi, akapekua. Akatwaa mtandio wake msumarini, akapita katikati yetu, kipande cha nane chenye zile kurasa sita amekibana kwapani, akatoka.