Mama Kabuti

"Rudisha kidogo. Hapo! Simamisha."

Arlène alibonyeza rimoti, na Mama Kabuti akaganda katikati ya kioo, mwavuli wa mtu mkononi, mdomo wazi, vifungo vya shaba kifuani. Mumewe, Ezéchiel, alisogeza kigoda mpaka pua yake ikakaribia kugusa televisheni. Alikuwa anatafuta mshono wa bega, na mwanamke yule hakuwa wa kutulia. Kila alipogeuka watu wasioonekana walicheka, na Arlène akacheka nao.

"Papa Murielle, utamuacha lini aongee? Pale njo kulikuwa kitu ya kuchekesha."

"Miye sikuitwa kucheka. Niliitwa kushona."

Fundi Ezéchiel ndivyo alivyo. Umpeleke harusini, bibi harusi atokwe na machozi, wazazi watokwe na machozi, yeye atakuwa anakodolea macho pindo la suruali ya bwana harusi huku akitikisa kichwa. Kutoka Bukavu mpaka Bellevue, huku kusini, amevuka mipaka kadhaa, na ukimwuliza habari za njiani atakusimulia jinsi sare za askari wa forodha zilivyoshonwa vibaya.

Kichekesho chenyewe kilikuwa cha Waingereza wa zamani, rangi zake zimefifia kama shati lililosahaulika kwenye kamba. Ilikuwa ofisi ya vitu vilivyopotea, katika stesheni ya treni ya mji fulani wenye mvua isiyokatika. Watu wanakuja kudai miavuli, meno ya bandia, na safari moja hata jeneza. Kipasha joto cha ofisi kiliharibika siku ya kwanza kabisa na hakuna aliyekitengeneza, kwa hiyo msimamizi, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, anafanya kazi na kabuti lake la kijani mwilini mwaka nenda mwaka rudi. Jina lake la Kiingereza lilikuwa refu. Arlène alimwita Mama Kabuti, likatosha.

Flashi yenye vipindi vyote ililetwa na Suzan, Mkenya anayefanya kazi benki huko Sandton. Ofisini kwao walikuwa wanafunga mwaka kwa karamu, na kila mtu alitakiwa avae kama mtu wa kwenye televisheni ya utoto wake.

"Hii nilikuwa naangalia na babangu, Nakuru," Suzan alisema siku ile. "Akicheka hivi, anakohoa mpaka mamangu anamletea maji. Fundi, nataka koti kama ya episodi ya kwanza. Hiyo hiyo, usinibadilishie."

"Usiogope, mama."

Hakumpima. Suzan na Arlène walikuwa mwili mmoja, bega kwa bega, nyonga kwa nyonga. Gauni la kwanza Suzan alilonunua kwa Ezéchiel Arlène alilivua mwilini mwake palepale chumbani, na tangu hapo kila nguo ya Suzan ilikatwa kwa mwili wa Arlène. Na mwili wa Arlène, fundi hakuhitaji kuupima. Aliujua kuliko alivyojua njia ya kwenda kanisani. Ilikuwa fahari yake ya siri, na kwa sababu hiyo hakuwahi kuitilia shaka.

Alikwenda Fordsburg, kwenye maduka ya Wahindi, akachambua majora mpaka wenye duka wakamchoka, akarudi na sufu ya kijani. Akakata. Akapiga bandi, mshono wa muda. Jumanne jioni Arlène aliporudi kutoka saluni, vidole vimechoka kwa kusuka, Ezéchiel alimsimamisha karibu na dirisha na kumvalisha.

Kabuti lilining'inia.

Bega lilivuka bega. Kiunoni kulikuwa na nafasi ya mtu mwingine. Ezéchiel alizunguka mbele, akazunguka nyuma, akavuta kitambaa, akakiachia. Damu ilimpanda usoni kwa aibu. Hajakosea kukata namna hii tangu alipokuwa anajifunza kazi kwa mjomba wake.

"Labda centimètre za Wahindi ni ndefu," Arlène alisema, mikono imepotea ndani ya mikono ya kabuti. Akaanza kutembea chumbani kwa hatua za Mama Kabuti, kifua mbele, akaiamuru pasi irudi kwa mwenyewe aliyeipoteza. Alifanana naye mpaka ikachekesha. Ezéchiel hakucheka.

"Simama vizuri."

"Nimesimama."

"Macho yangu inazeeka," alisema, na hofu ikamwingia kweli, maana fundi asiye na macho ni mtu wa kuombewa tu. Akambana Arlène kwa pini ubavuni, kwapani, mgongoni. Akashona upya. Na kwa hasira ya mtu aliyejifedhehesha mbele ya kitambaa kizuri, akafanya kitu ambacho angemfukuzia mwanafunzi: alichukua mkasi akapunguza sufu yote iliyozidi ndani ya mishono.

Sasa likamkaa Arlène sawasawa. Lakini roho ya Ezéchiel haikutulia. Alikaa kwenye cherehani, akasimama, akapanga nyuzi zilizokuwa zimepangwa, akakaa tena. Nyuma yake Arlène alikuwa amewasha televisheni.

"Zile umeziona jana," alimwambia. "Na juzi. Kila siku zile za mwisho mwisho. Kwa nini hauanzie mwanzo?"

"Hizi njo nzuri," Arlène alijibu bila kugeuka.

Suzan alikuja Alhamisi mchana, ameegesha gari nje na kuacha taa zake zikipepesa. Aliingiza mkono wa kwanza, akaingiza wa pili kwa kusukuma, akajaribu kifungo. Pande mbili za kabuti hazikuonana.

"Eish, fundi. Hii ni ya nani?"

"Ni yako."

"Yangu? Kwani umeshonea mtoto wa shule?"

"Labda mama ameongezeka kidogo," Ezéchiel alisema, kwa adabu yote aliyoweza kuikusanya.

"Mimi? Angalia hii dress. Si ni wewe ulinishonea Pasaka ya mwaka jana?"

Aliangalia. Ilikuwa kazi yake, ile ya bluu, na ilimkaa Suzan kama siku alipoitoa kwenye pasi. Haikumbana popote wala haikuachia popote. Ezéchiel alibaki ameshika kola ya kabuti, akihamisha macho kutoka kabuti kwenda gauni.

"Fundi, uko sawa?" Suzan alimwuliza, sauti imebadilika. "Wacha basi. Si lazima. Naweza kuvaa kitu kingine."

"Hapana. Nitaweka vipande ubavuni. Kesho asubuhi uje."

Suzan alipoondoka, Ezéchiel aliketi mbele ya televisheni peke yake na kuweka vile vipindi vya mwisho. Akazima sauti. Kiingereza kile cha mbio hakikuwa chake, na vicheko alikuwa hana haja navyo. Alitaka kuona nguo.

Akaona. Kabuti lilikuwa lilelile, ila limebanwa ubavuni na mtu mwenye mkono mzuri, kidogo kidogo, kipindi baada ya kipindi. Mabegani walikuwa wamejaza sponji. Baadaye ukaja mkanda kiunoni, ambao mwanzoni haukuwepo. Baadaye skafu, imefungwa juu kabisa, kwa sababu kola ilikuwa imeanza kusimama mbali na shingo. Mama Kabuti alipiga meza, alifoka, alimkimbiza mtu na mwavuli, midomo ya wenziwe ikawa inatetemeka kwa kuzuia kicheko, na ndani ya nguo ile yote mwanamke alikuwa anakwisha.

Alizima. Akakata vipande viwili vya sufu, akavishona ubavuni, kwa sababu mikono ilikataa kukaa bure. Aliposikia funguo mlangoni alikuwa amesimama katikati ya chumba.

Arlène aliweka mkoba chini, akavua viatu, akanyoosha mkono kuchukua rimoti. Ezéchiel akaiwahi.

"Geuka."

"Nini tena? Nimechoka, Papa Murielle."

"Geuka, nimekuomba."

Akageuka. Ezéchiel aliinua blauzi yake nyuma. Sketi, aliyoishona mwenyewe, ilikuwa imekunjwa kiunoni mikunjo minene na kushikizwa kwa pini, kwa ustadi, ili isionekane. Alizihesabu pini zile moja moja kwa kidole na hakupata idadi.

"Tangu lini?"

Arlène alikaa kitandani, akamshika mkono, akauingiza chini ya kwapa lake la kushoto na kuubana pale. Kilikuwepo kitu, kigumu, kinene kama kifungo cha kabuti. Ezéchiel alitaka kuuondoa mkono, akaona haya.

"Umenivalisha ile koti mara mbili," alisema mkewe. "Mikono yako ilipita hapa hapa."

"Nilikuwa naangalia kitambaa."

"Najua. Siku zote."

Hakulisema kwa uchungu, na ndiyo maana lilimwingia mpaka mfupani. Ezéchiel alijiona mjinga, mjinga mkubwa, aliyekaa miaka na mtu akimjua kwa sentimita.

"Na kliniki? Hukuenda kliniki?"

"Nilienda. Ku lango kuko batu, bale ba kufukuza bageni, bamevaa t-shati ya kufanana. Banaomba ID. Nilibaonesha karatasi ya ukimbizi, mumoja akasema hii karatasi ikatibiwe kwenu. Nikarudia wiki ingine. Kulikuwa bale bale." Alivuta pumzi. "Nilienda kwa docteur wa kulipa. Akasema hii kitu inataka hospitali, na hospitali haikupokee bila barua ya kliniki."

"Na haukuniambia."

"Nikuambie, weye uende kupigana ku lango? Na wembamba huo?"

Alitaka kukasirika, akashindwa. Akaonyesha televisheni iliyozimwa. "Yule mama. Ulikuwa unajua?"

"Niliangalia ku internet. Alikuwa mugonjwa, hakuambia mutu. Bale ba kucheka, hakuna mwenye alijua."

"Alipona?"

"Sikusoma mwisho," Arlène alisema. "Nilifunga."

Wakakaa. Nje mtu alikuwa anauza mahindi ya kuchoma kwa sauti, na wapangaji wa chumba cha pili walikuwa wanagombania bafu. Ezéchiel aliogopa, na safari hii hakuwa na kazi ya kujificha ndani yake.

"Kesho tunaenda wote wawili," alisema.

"Kesho tunaenda. Lakini lango, napita miye."

Asubuhi Ezéchiel alimwachia jirani kabuti la Suzan, wakatoka. Njia nzima alitembea mbele ya Arlène, kisha nyuma yake, kisha ubavuni, mpaka mkewe akamshika mkono wa shati kama anavyoshikwa mbuzi. Kwenye taa za barabarani, zile wenyeji wanazoziita robot, zilizotazamana na kliniki akamsimamisha.

"Weye unabakia hapa ku robot."

"Nakusindikiza mpaka mlangoni."

"Ukifungua kinywa, bamejua. Ukifunga kinywa, hiyo macho yako inaongea. Bakia hapa. Hatujuane, sawa? Weye unangojea taxi."

Kando yake mwanamke mnene alikuwa anauza magwinya, maandazi ya huko, kutoka kwenye beseni. Ezéchiel alinunua moja ili awe na sababu ya kusimama. Ng'ambo kule langoni walikuwepo: wanaume watatu na msichana, fulana za namna moja, mmoja na fimbo anayoizungusha tu. Mzee mmoja alionyesha karatasi, akatikisiwa kichwa, akarudi alikotoka.

Arlène hakwenda langoni. Alisimama pembeni akifunga upya kilemba chake, mpaka wanawake kadhaa waliposhuka kwenye taxi, wenyeji, mmoja na mtoto mgongoni. Akajiunga nao kama aliyekuwa anawasubiri. Kizulu alikipata saluni, vichwani mwa wateja, miaka yote ile ya kusuka, na Ezéchiel hakuwahi kumsikia akikisema kwa urefu. Hata sasa hakusikia. Aliona tu mikono. Ilichora mtu mkubwa, kisha mlango mdogo, kisha mtu mkubwa aking'ang'ana kupita kwenye mlango mdogo. Mwanamke wa kwanza akapiga kofi.

Wakasogea hivyo hivyo, rundo moja, mpaka langoni. Mwenye fimbo akanyoosha mkono kuwazuia.

Ezéchiel aliteremka ukingo wa barabara, gari likampigia honi, akarudi.

Arlène hakunyamaza. Alimgeukia mwenye fimbo, kifua mbele, kidole juu, akamwambia jambo moja fupi kwa uso mkavu kabisa. Kisha wanawake wakaangua kicheko, yule mwenye mtoto akainama mpaka akamshika yule mwanamume bega asianguke, na msichana wa fulana akageuza uso akicheka ndani ya kiganja. Mwenye fimbo akatikisa kichwa. Mkono wake ukashuka.

Waliingia wote. Sketi ya Arlène ilikuwa ya mwisho kupotea, imekunjamana nyuma. Vicheko viliendelea upande wa pili wa ukuta, na Ezéchiel alijaribu kukitambua kimoja kati ya vingi, kile anachokijua.

Muuza magwinya naye alikuwa anacheka, mkono kiunoni, ingawa hakusikia neno.

"Haya, yule mama ni kiboko," alimwambia kwa Kiingereza chepesi. "Unamfahamu?"

"Hapana," Ezéchiel alisema, na macho hayakubanduka langoni.