Vita vya Nywele Zilizofagiwa

Kinyozi alifagia nywele za wateja wake mpaka mlangoni pa fundi viatu, akaziacha hapo. Fundi viatu naye akafungua kopo la gundi chini ya dirisha la kinyozi, harufu ikawatoa wateja machozi. Lau watu wangeshika hamsini zao, mambo yangeishia hapo.

Lakini kinyozi alikuwa kaka yake fundi cherehani, na mama huyo hakuwa mtu wa kutazama ndugu yake akionewa, hata akionewa kwa haki. Akatangaza kuwa fundi viatu hatapata tena uzi kwake, hata wa kushonea kandambili. Bahati mbaya mumewe, seremala wa chumba cha pili, alikuwa ameapa tangu ujana kwamba atakayemgusa rafiki yake fundi viatu amemgusa yeye. Na umeme wa vyumba vyote ulipitia kwake. Akachomoa waya.

Cherehani ikazimika. Juu ya meza lilibaki gauni la harusi la binti yao, lina mkono mmoja, na harusi ni kesho asubuhi. Kwa kinyozi, mashine ilifia kichwani mwa bwana harusi mwenyewe, upande mmoja unang'aa, upande wa pili kichaka.

Fundi cherehani aliumia moyo, akatamani kulia. Lakini kumwomba mume? Thubutu. Aliuambia ukuta, kwa sauti ya kusikika, kuwa jioni hiyo atakula yule atakayejipikia. Seremala akajibu kwa nyundo.

Alasiri kinyozi na fundi viatu wakaingia kwake wameshikana mabega, wanacheka. Walikuwa wamekutana bombani wakiteka maji, mmoja akamtwisha mwenzake ndoo, hasira zikawaishia. Wakamsihi naye ayamalize. Akawatimua wote wawili, akiwaita wasaliti.

Binti yake alikuwa amekaa pembeni, gauni mapajani.

"Mama, wenyewe wameshapatana. Sasa wewe na baba mnapigania nini?"

Nyuma ya ukuta nyundo ikasita. Baba mtu naye alikuwa anasubiri kusikia.

Swali hilo likamuudhi mama kuliko yote yaliyotangulia. Akavuta gauni, akatunga uzi kwenye sindano ya mkono.

"Kamuulize baba yako," alisema. "Mpaka alipate jibu, mimi nitakuwa nimefika kwenye kiwiko cha mkono wa pili."