Vyumba Viwili Nyuma ya Ukumbi

Godoro lilikuwa limenyonya maji tena. Mwalimu aliliinua upande mmoja akalikunja, akalikamua kama mtu anayekamua shuka, na maji yakatiririka hadi mlangoni, yakakutana na mengine yaliyokuwa yanaingia. Mama yake alikuwa ameketi juu ya meza, ndiyo, juu ya meza, miguu ikining'inia, akivuta pumzi kwa mluzi mwembamba. Ukungu mweusi ulikuwa umepanda ukutani mpaka usawa wa dirisha.

"Leo ndiyo leo," mama alisema alipopata pumzi. "Wakikupa hiyo kazi tunahama."

"Wakinipa."

"Watakunyima kwa nini? Umewafundishia bure miaka yote hiyo. Hata punda huwekewa majani!" Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakataa kuisha. Mwalimu alimshika mgongo hadi kilipotulia. Daktari alishasema bila kuficha kwamba kifua kile hakitavuka msimu mwingine wa mvua ndani ya chumba kile. Alisema hivyo akiandika dawa, hata hakuinua uso.

Basi kazi aliyoitaka Mwalimu ilikuwa na maana moja tu. Mwalimu wa kudumu wa Kituo cha Ushairi na Sanaa alipewa vyumba viwili nyuma ya ukumbi, vya sakafu ya saruji na paa lisilovuja. Mshahara nao ungekuwapo, lakini usiku alipolala akisikia ule mluzi hakuwaza mshahara. Aliwaza paa.

Pale Kituoni walimwita mwalimu wa kujitolea. Mkurugenzi alilipenda sana neno hilo. Kila nafasi ilipotangazwa alimwambia, "Dada yangu, moyo wako tunauona, vuta subira," kisha nafasi ikaenda kwa mpwa wa fulani, na mpwa wa fulani akaja mara mbili, akapotea, na Mwalimu akaitwa kushika darasa. Safari hii Mkurugenzi alikuwa ameahidi mbele ya watu. Mheshimiwa aliyeujenga ukumbi mpya akishauzindua, jina la mwalimu litatajwa siku hiyohiyo.

Darasa lake lilikuwa la watu wazima: fundi viatu, wauza mboga, mlinzi mmoja aliyesinzia, na wanawake wanaofua nguo za watu. Alikuwa na mtindo wake. Alitoa ubeti, kisha akagonga meza kwa vifundo vya vidole, ko, ko, na hapo lazima mmoja asimame ajibu kwa vina vilevile. Usiposimama unachekwa. Ukisimama ukaboronga unachekwa zaidi, ila unapigiwa makofi. Walikuwa wanakuja wamechoka hoi, wanaondoka wanasukumana kwa vicheko mpaka barabarani.

Kinara wao alikuwa Mama Pacha, mfuaji, mikono imebabuka kwa sabuni, mdomo hauna breki. Vidole vikigusa tu meza, yeye kasimama, hata kabla hajajua atasema nini.

"Mama Pacha, subiri basi!" wenzake walimwambia.

"Nisubiri nini, ubeti upoe?"

Asubuhi ya uzinduzi Mwalimu alifika na viatu mkononi, akanawa miguu nyuma ya jengo. Ukumbi ulinuka rangi mbichi. Vijana wawili waliovaa mashati ya kufanana walikuwa wanainama chini ya viti kimoja kimoja, wakiangalia sijui nini, na hawakujibu salamu. Mkurugenzi alikuja mbio, jasho limelowesha kola.

"Wanafunzi wako wakae safu ya nyuma. Wapige makofi. Hakuna kingine, tunaelewana?"

"Tulikuwa tumeandaa beti za kukaribisha..."

"Dada yangu. Makofi."

Mheshimiwa alichelewa, watu wakakaa, joto likapanda. Alipoingia walisimama wote. Hotuba ilikuwa ndefu kama zilivyo hotuba, halafu akakunja karatasi, akatabasamu, akasema kwamba hata yeye ni malenga, watu hawajui tu. Akakohoa kidogo akaghani:

"Nimewajengea nyumba, ya sanaa na maneno,
Hapakuwa ila shamba, la nyasi na mabishano,
Leo kuta twazipamba, kwa taa na mapatano,
Nani tena atatamba, kunipita kwa mfano?"

Haukuwa ubeti mbaya, tuseme kweli. Mizani ilitimia. Ulimalizika kwa swali, na swali la namna hiyo linadai jibu. Mwalimu alikuwa amesimama pembeni, karibu na meza ya maua, akihesabu silabi kwa midomo kama alivyozoea. Mkono ukaenda wenyewe. Ko, ko.

Mama Pacha alikuwa amesimama.

"Palikuwapo na bomba, tukifua kwa mikono,
Ulipokuja kutamba, hatukuambiwa neno,
Sasa maji twayaomba, kwa foleni na sonono,
Umetujengea nyumba, ya kuonyeshea meno!"

Safu ya nyuma ililipuka kwa makofi. Waliambiwa wapige makofi, wakapiga. Fundi viatu alipiga hata miguu. Kila mtu pale alilijua lile bomba la mtaa lililong'olewa ili ukumbi ujengwe, maana nusu yao walikuwa wakichota pale. Makofi yaliendelea mpaka walipoona safu za mbele hakuna aliyegeuza shingo, yakapungua, akabaki mtu mmoja anapiga, naye akaacha. Mheshimiwa alikuwa bado anatabasamu. Alimnong'oneza mtu aliyekaa kulia kwake, na wale vijana wawili waliokuwa wameegemea ukuta wakasogea.

Mama Pacha akaketi. Alimtazama Mwalimu huku macho yanang'aa, kama anauliza, vipi, nimepatia?

Jina la mwalimu wa kudumu halikutajwa. Wageni walipoondoka, Mwalimu aliitwa ofisini. Mkurugenzi alikuwa nyuma ya meza yake, na wale vijana wamesimama mmoja dirishani, mmoja mlangoni. Hakuna aliyemwambia aketi.

"Yule mwanamke ni nani?"

"Mwanafunzi wangu."

"Nani alimwambia asimame?"

Hapo alikuwa na nafasi ya kusema. Maneno yenyewe yalikuwa machache, ni mimi niligonga meza, basi. Vifundo vya vidole vilimwasha. Alimwona mama yake juu ya ile meza nyumbani.

"Sijui," alisema. "Ana mdomo tu yule. Kila mtu anamjua."

"Hatuna ugomvi naye," alisema kijana wa dirishani, kwa upole kabisa. "Tunataka kuzungumza naye. Shida ni kwamba kule kwao nyumba hazina namba. Unazunguka vichochoro mpaka unarudi ulikotoka."

"Na ukiuliza hakuna anayemjua mtu," yule wa mlangoni akaongeza. Walicheka wote wawili.

Mkurugenzi alivuta droo, akatoa ufunguo wenye kitambaa chekundu, akauweka mezani katikati yao.

"Vyumba vimeshafagiwa. Mama anaendeleaje na kifua?"

Miaka yote ile hakuwahi kuuliza habari za mama. Mwalimu hakujua hata kama Mkurugenzi anafahamu kwamba yeye ana mama.

"Mtazungumza naye tu?" aliuliza.

"Tutamwuliza mawili matatu, atarudi kwake."

Akawaelekeza. Alipajua vizuri, alikwenda pale pacha walipozaliwa, akala, akabeba watoto wote wawili kwa mpigo, watu wakamcheka. Pita kwa kinyozi, alisema, shika kushoto penye mtaro, mlango wa bati la kijani. Yule kijana aliporudia alikosea, na Mwalimu, aliyezoea kusahihisha, akamsahihisha. "Hapana. Si bati la kijani la kwanza. La pili." Alipojisikia akisema vile alitamani kuyarudisha kinywani. Vijana walikuwa wameshatoka.

Walihamia Jumamosi. Mama alikagua sakafu kwa unyayo mtupu, akagusa ukuta, akanusa kiganja. "Mkavu!" akasema. "Mwanangu, mkavu!" Alilala kitandani mchana kutwa kwa starehe, na jioni mluzi ulikuwa umepungua. Mwalimu alikaa kwenye kizingiti akausikiliza ukipungua. Alifurahi, asingeweza kukataa kwamba alifurahi.

Jumapili asubuhi alikuja Baba Pacha. Alikuwa mbeba mizigo sokoni, mtu wa mabega mapana na maneno machache, mtoto mmoja mgongoni, mwingine amemshika suruali. Alisimama mbali kidogo na mlango kama mtu anayeogopa kuchafua.

"Hodi, mwalimu. Hongera kwa kazi."

"Asante, shemeji. Karibu."

"Sikai. Mwenzangu hajarudi tangu siku ile. Walikuja jioni, moja kwa moja mpaka mlangoni. Hawakuuliza hata jirani." Alimweka mtoto vizuri mgongoni. "Nimekwenda kila mahali. Jana ndiyo wameniruhusu nimwone, dakika chache. Shavu limevimba, haoni vizuri jicho hili. Amenituma kwako."

Mwalimu alishika fremu ya mlango.

"Amesema usiwe na wasiwasi. Wamemwuliza sana nani alimwambia asimame. Hajasema kwamba uligonga. Amesema nikwambie hivyo, hatasema."

Ndani mama alikohoa mara moja tu, kikohozi chepesi cha mtu aliyelala vizuri.

"Mkurugenzi amenisaidia wazo," Baba Pacha aliendelea. "Ameniambia Mheshimiwa anapenda mashairi. Nikienda ofisini kwake kesho, nikaghani ubeti wa kuomba radhi kwa niaba ya mke wangu, moyo wake unaweza kulainika. Akasema mwalimu atakutungia, hiyo ndiyo kazi yake sasa." Alitazama chini. "Mimi kusoma sijui. Itabidi unifundishe kwa mdomo, nishike."

Angeweza kupiga magoti pale pale. Angeweza kumwambia. Alimtazama yule mtoto aliyeshika suruali, akaingia ndani, akatoka na viti viwili.

"Kaa, shemeji."

Haikumchukua muda kuutunga. Beti za namna ile zinakuja zenyewe.

"Fuata mimi. *Mheshimiwa pokea, radhi yangu mkosaji.*"

"Mheshimiwa pokea, radhi yangu mkosaji."

"Vizuri. *Ulimi ulipotea, sikupungukiwa maji.*"

Baba Pacha aliinua uso. "Lakini mwalimu, maji si tulipungukiwa kweli? Mpaka leo..."

"Shemeji, rudia."

"Ulimi ulipotea..." Akasita.

"Sikupungukiwa maji."

"Sikupungukiwa maji."

"Kwa sauti. Pale ofisini ni pakubwa."

Akarudia kwa sauti, shingo imemtuna, na mtoto wa mgongoni akaamka akaanza kulia. Kitandani mama yake Mwalimu aliinua kichwa, akatabasamu.

"Naona darasa limeanza," alisema.