Waya wa Boti ya Sixbert

Jumamosi ile Sixbert alitoka nyumbani Ilongero saa mbili asubuhi, akapanda bodaboda kwenda Singida mjini kutafuta waya mpya wa boti yake ya rimoti, na hakurudi. Presha ilimwangusha dukani, mbele ya kaunta ya vipuri vya pikipiki. Simu ilipoita mchana, mkewe Editha alikuwa uani anapepeta uwele. Alidhani mumewe anataka kuuliza kama nyumbani kuna chumvi.

Tangu siku hiyo alibeba jambo moja ambalo hakumwambia mtu, hata padri. Siku mbili kabla, Alhamisi, walikuwa wamegombana kwa sababu ya boti hiyo. Sixbert, fundi wa baiskeli na redio, aliiunda kwa mbao kwa miezi saba, ndefu kama mkono wa mtu mzima. Editha alimwambia ni aibu, mzee mwenye wajukuu kwenda lamboni kuchezea maji katikati ya ng'ombe wa watu.  Sixbert aliingia ndani akalala, hata chakula hakugusa.

Editha akaona amezidisha. Kuomba radhi kwa mdomo hakukuwa desturi yao, basi akachukua chupa ya mafuta ya alizeti aliyokamua mwenyewe, akaenda kwenye boti, akamimina ndani ya bomba jembamba ambamo huzunguka waya wa kuendeshea propela. Mafuta hayo kwao hutiwa kila mahali: kwenye mboga, nywele, bawaba za mlango, cherehani. Kwa nini boti ikose?

Kesho yake Sixbert alirudi kutoka lamboni, boti kwapani.

"Waya unateleza," alisema. Hayo tu. Jumamosi akaenda mjini.

Ndiyo maana siku ya arobaini, ndugu walipoketi kugawa vitu vya marehemu na kuamua kwamba vifaa vyote vya ufundi, na boti pia, viende kwa mdogo wake Laurian, Editha alitoa sharti moja.

"Uitengeneze hapa hapa, shemeji, mbele yangu. Nataka nijue ilikuwa na ugonjwa gani."

"Meli hii?" Laurian, fundi wa pikipiki, alitabasamu. "Kaka hakuniruhusu hata kuigusa. Haya, niletee beseni la maji."

Watu walipokwisha kutawanyika, aliiweka boti mezani akamwonyesha. Mota hii hapa. Waya ni ule wa ndani ya spidi mita ya pikipiki. Huku mbele unabanwa na kishikio chenye skrubu, unapita ndani ya bomba, unatokea nyuma na kuzungusha propela. Alibonyeza rimoti, propela ikazunguka vizuri. Kisha akaitia boti kwenye beseni, akaishikilia. Mota ikalia kama nyuki, propela ikazubaa.

"Hewani haina mzigo, inajifanya nzima," alisema. "Majini ndipo inajulikana. Una rangi ya kucha?"

"Rangi ya kucha, shemeji? Tuko msibani."

"Matanga tumeyaondoa asubuhi. Lete bwana."

Alichora mstari mwekundu kutoka kwenye kishikio hadi kwenye waya, na mwingine kule nyuma, kutoka kwenye waya hadi kwenye propela. Ilipokauka, aliendesha tena ndani ya maji. Mstari wa nyuma ulibaki umenyooka. Wa mbele ulikuwa umeachana, nusu huku, nusu kule.

"Panateleza hapa kwenye kishikio. Waya wenyewe mzima kabisa, hata uzi mmoja haujakatika. Kaka alidhani umelika."

Editha alivuta kigoda akakaa.  Laurian akalegeza skrubu, akachomoa ncha ya waya, akaisugua vidoleni, akanusa.

"Alizeti. Nani katia alizeti huku?"

"Ni mimi," Editha alisema. "Ni mimi, Laurian. Tuligombana, nikataka kumfurahisha. Nimemtuma mjini kwa mikono yangu hii."

 Laurian aliigeuzageuza ile ncha kwenye mwanga wa mlangoni.

"Njoo uone," alisema. "Umekwanguliwa kwa msasa hapa. Juzi juzi tu, bado unang'aa. Kaka alishafungua, akafuta mafuta, akakwangua ili kishikio kishike."

"Mbona uliteleza tena?"

"Bomba limejaa mafuta. Ukifuta ncha, mengine yanapanda na waya. Ulitia kiasi gani?"

"Nusu chupa."

"Nusu chupa! Shemeji, ulikuwa unakaanga boti?"

Cheko lilimtoka Editha kabla hajalizuia, la kwanza tangu msiba, na machozi yakafuata nyuma yake. Laurian alimwacha mpaka akanyamaza.

"Kwa hiyo alijua ni mimi?"

"Nyumbani mlikuwa wawili. Kuku hawafungui chupa."

"Na hakusema."

"Hakusema."

"Lakini alikwenda mjini, Laurian."

"Alikwenda." Laurian aliangalia maji ya beseni. "Dawa za presha alikuwa ameziacha tangu mwezi wa tatu. Alinikataza nisikwambie, nami nikanyamaza. Nimekaa na hilo siku arobaini."

 Editha alitaka kukasirika, lakini hasira haikuja. Mwisho aliinuka, akachota maji ya uvuguvugu, akamletea sabuni na kitambaa.

Laurian aliosha bomba kwa petroli, kisha kwa yale maji na sabuni mpaka yakatoka safi, akalisimamisha ukutani likauke. Alipaka waya grisi katikati tu, na ile ncha inayoingia kwenye kishikio akaiacha kavu, upana wa vidole viwili. Editha ndiye aliyekaza skrubu, maana vidole vyake ni vyembamba. Walipojaribu tena, boti ilimponyoka Laurian mikononi, ikagonga ukingo wa beseni na kuwarushia maji usoni wote wawili.

Laurian alibeba sanduku la vifaa, boti akaiacha mezani.

Sasa boti ni ya Editha. Kila Jumapili baada ya misa Laurian humletea betri aliyoichaji kwake, wanateremka lamboni, na rimoti anashika Editha.